Sura ya Sita: Kinywaji cha Matunda Ambacho Mtoto Atakimaliza

Kwa nini mtoto huacha nusu kikombe cha juisi iliyotengenezwa nyumbani, lakini chupa ya sukre huinywa hadi tone la mwisho? Swali hili huulizwa na wazazi wengi wa Likasi, na jibu lake si kwamba watoto hawapendi matunda. Sukre, kama soda inavyoitwa katika miji ya Kongo, ina ladha ileile kila siku: utamu mwingi, ubaridi, gesi na harufu isiyobadilika. Juisi ya nyumbani hubadilika. Leo embe lilikuwa bado gumu, kesho limepitiliza; leo juisi ni nzito, kesho ni maji yenye rangi. Mtoto mdogo hupenda kitu anachokitambua, na kikombe asichokitambua hukisukuma pembeni.

Kinywaji kizuri cha mtoto husimama juu ya mambo matatu: maji salama, tunda lililoiva kweli, na mkono mwepesi kwenye sukari. Maji yametangulia kwa makusudi. Maji yakiwa na vijidudu, uzuri wa tunda hausaidii kitu.

## Utamu wa tunda na utamu wa sukari

Sukari iliyomo ndani ya tunda zima imeshikamana na nyuzinyuzi, yaani sehemu ya tunda ambayo tumbo haliwezi kuiyeyusha. Nyuzinyuzi hupunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu, humshibisha mtoto na humsaidia kupata choo bila taabu. Tunda likikamuliwa na makapi yakatupwa, sukari hubaki peke yake ndani ya maji. Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, liliiweka sukari ya juisi katika kundi moja na sukari ya mezani na asali. Kundi hilo huitwa sukari huru. Mwongozo huo unasema sukari huru isizidi asilimia 10 ya nguvu yote ambayo mwili hupata kwa siku kutoka kwenye chakula, na kwamba ni bora zaidi ikishuka chini ya asilimia 5.

Hesabu yake si ngumu. Mtoto wa miaka mitano hivi huhitaji takriban kilokalori 1,400 kwa siku. Kilokalori ni kipimo cha nguvu inayotokana na chakula. Asilimia 10 ya hizo ni gramu 35 za sukari. Asilimia 5 ni gramu 17 hivi, sawa na vijiko vinne vya chai. Chupa moja ya soda ya mililita 330 hubeba karibu gramu 35. Mtoto akiimaliza, fungu lake lote la siku limekwisha, na bado hajanywa chai yenye sukari wala kula biskuti.

Juisi halisi ya machungwa nayo inahitaji kutazamwa vizuri. Bilauri moja hutumia machungwa matatu au manne. Mtoto akipewa machungwa yenyewe atakula moja, pengine mawili, kisha ataenda kucheza akiwa ameshiba. Akipewa juisi atakunywa manne kwa dakika moja na atadai chakula palepale.

Njia inayofaa basi ni kusaga au kuponda tunda zima, kuongeza maji kiasi, na kutumia chujio kwa ajili ya mbegu na maganda tu. Kinywaji kitakuwa kizito kidogo, na uzito huo ndio uliobeba faida. Kuhusu unga wa juisi wa pakiti, ule unaoyeyushwa kwenye maji na kuyafanya mekundu au ya machungwa, mzazi asome maandishi ya nyuma. Mara nyingi ataona sukari au vitu vingine vya utamu, asidi, rangi na harufu, huku tunda lenyewe likiwa halimo au likiwa kidogo mno.

## Matunda ya Likasi na majira yake

Likasi iko kwenye nyanda za juu za Katanga, kwenye mita 1,300 hivi juu ya usawa wa bahari. Mvua hunyesha kuanzia Novemba hivi hadi Aprili. Kuanzia Mei ni kiangazi, na Juni na Julai huwa na baridi kali ya usiku na alfajiri. Mwenye kutengeneza vinywaji vya watoto hufuata mzunguko huo, kwa kuwa tunda la msimu ndilo rahisi kwa bei na ndilo tamu. Tunda tamu halihitaji sukari.

Mwanzo wa mvua ni wakati wa maembe. Miembe imo ndani ya parseli nyingi na kando ya njia za mitaa ya zamani ya wafanyakazi, na Desemba watoto hula maembe hadi mashavu yanabadilika rangi. Embe lililoiva lina karotini, kiini cha rangi ya njano ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, vitamini inayolinda macho na kuimarisha kinga. Papai lina karotini pia, nalo hupatikana karibu mwaka mzima. Karotini huingia mwilini vizuri zaidi ikiwa pamoja na mafuta kidogo. Ndiyo maana kijiko cha karanga zilizosagwa au kipande cha parachichi ndani ya kinywaji cha embe kina kazi kubwa kuliko kuongeza ladha.

Mapera hufuata, mvua zikiwa zimekolea. Watu wengi hulidharau pera kwa kuwa ni tunda la uani, tunda la kuchumwa na watoto wenyewe. Dharau hiyo haina msingi. Gramu 100 za pera huweza kuwa na zaidi ya miligramu 200 za vitamini C. Chungwa lina 50 hivi na embe 35 hivi. Vitamini C husaidia mwili kunyonya madini ya chuma kutoka kwenye maharage, sombe (kisamvu) na lengalenga (mchicha). Mtoto anayekula bukari (ugali) na maharage, kisha akanywa nusu kikombe cha kinywaji cha pera, hupata chuma kingi zaidi kutoka kwenye sahani ileile. Mtoto anayeteremsha chakula hichohicho kwa chai hupata kidogo, kwa kuwa chai hukizuia chuma kisiingie mwilini. Katika nchi ambayo watoto wengi wana upungufu wa damu, pera la uani linastahili heshima zaidi.

Kutoka porini huja masuku. Haya ni matunda ya misitu ya miombo, ya mviringo, yenye ganda gumu la rangi ya kahawia na nyama laini ya njano iliyozunguka mbegu. Huiva kuelekea mwanzo wa mvua na huuzwa sokoni na kando ya barabara. Utamu wake hauhitaji kijiko hata kimoja cha sukari. Watoto huyala kwa kunyonya mbegu, na wachache wamewahi kuyaonja yakiwa kinywaji, ingawa kuyatengeneza ni kazi nyepesi, kama itakavyoonekana mbele.

Kiangazi kina machungwa, machenza na malimau. Marakuja, matunda yenye ganda la zambarau au njano na mbegu nyeusi ndani, hutoa harufu kali ambayo inaweza kuinusuru juisi yoyote iliyopooza. Ndizi hazikosekani.

## Maji, kabla ya kitu kingine chochote

Kipindupindu kinaijua Katanga vizuri. Kimekuwa kikirudi tena na tena kutoka maeneo ya maziwa hadi mijini, na mwanzoni mwa mwaka 2008 Likasi na Lubumbashi zote zilikuwa zikipambana nacho. Maji ya bomba ya shirika la Regideso hukatika, watu hurudi visimani, na mvua kubwa huingiza uchafu wa vyoo kwenye visima visivyofunikwa. Juisi ina hatari ya pekee kwa sababu haipikwi. Maji mabaya yakitiwa kwenye bukari, moto huyasafisha. Yakitiwa kwenye juisi, huingia moja kwa moja tumboni mwa mtoto.

Kuchemsha ndiyo njia ya uhakika. Maji yaliyotulia na kuchujwa kwa kitambaa safi huwekwa kwenye mbabula, yaani jiko la makaa, hadi yatokote kwa nguvu, mapovu makubwa yakipanda, kisha yaachwe yaendelee kutokota dakika moja kamili. Kwa mwinuko wa Likasi dakika moja inatosha. Kinachoongezwa baada ya hapo ni gharama ya makala (makaa) tu. Maji yapoe yakiwa yamefunikwa, katika chombo chenye mdomo mwembamba au chenye bomba, ili mikono na vikombe visitumbukizwe ndani.

Makala yakipanda bei, jua la kiangazi linaweza kufanya kazi hiyo. Chupa za plastiki angavu zisizozidi lita mbili hujazwa maji yasiyo na tope na kulazwa juani kwa saa sita, juu ya bati ikiwezekana. Mbingu ikiwa na mawingu mengi, ziachwe siku mbili mfululizo. Mionzi ya jua huua vijidudu. Dawa ya klorini nayo hufaa, mradi kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti kifuatwe na maji yasubiriwe nusu saa kabla ya kutumiwa.

Imani mbili hudanganya watu. Ya kwanza ni kwamba barafu ni safi: kugandisha hakuui vijidudu, kwa hiyo barafu hutengenezwa kwa maji yaliyokwisha kuchemshwa. Ya pili ni kwamba limau husafisha maji. Ukali wa limau huwadhoofisha baadhi ya vijidudu, lakini hauchukui nafasi ya moto.

## Vumbi na vyombo katika mji wa shaba

Likasi, iliyoitwa Jadotville enzi za Wabelgiji, ilikua kwa sababu ya shaba na kobalti. Mitambo ya Shituru, migodi ya Kambove na malori ya mawe ya madini ni sehemu ya maisha ya kila siku, na vumbi lake hutua juu ya paa, majani na matunda. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitoa matokeo ya vipimo vya mkojo vya wakazi wa ukanda wa madini wa Katanga. Walioishi jirani na migodi na viwanda vya kuyeyushia madini walikuwa na kobalti nyingi mno mwilini, na watoto walikuwa nayo nyingi zaidi kuliko watu wazima. Mtoto hucheza chini, hupeleka mikono kinywani, na mwili wake ni mdogo.

Jambo hili lina maana mbili jikoni. Kwanza, tunda lioshwe kwa maji mengi huku likisuguliwa kwa mikono au brashi kabla ya kisu kuligusa, hata kama ganda litatupwa, maana kisu hubeba vumbi la ganda hadi kwenye nyama. Nanasi hasa hushikilia udongo katika macho yake. Pili, kuchemsha hakuondoi madini. Moto huua vijidudu. Shaba, kobalti na risasi hubaki ndani ya maji, na maji yakipungua kwa mvuke huzidi kukolea. Maji ya mto unaopita chini ya kiwanda au ya kisima kilicho karibu na lundo la mabaki ya mgodi hayafai kwa juisi hata yachemshwe mara ngapi.

Vyombo navyo vina neno. Juisi ya limau, nanasi au marakuja ni kali, na ukali huo hula metali. Ikikaa katika chombo cha shaba au ndoo ya mabati, metali huyeyuka kidogo kidogo ndani yake, na anayeinywa anaweza kupatwa na kichefuchefu, kutapika na maumivu ya tumbo. Sufuria zinazotengenezwa mitaani kwa kuyeyusha vyuma chakavu zinahitaji tahadhari kubwa zaidi. Zimepimwa nchini Kamerun na zikakutwa zikitoa risasi, metali inayoharibu ubongo wa mtoto unaokua.

Vyombo vinavyofaa ni hivi:

- kioo, na plastiki ngumu iliyotengenezwa kwa ajili ya chakula;
- chuma cha pua;
- bakuli la enameli ambalo halijabanduka;
- kinu cha mbao na mchi wake, vikioshwa na kukaushwa juani kila baada ya kutumiwa.

Bidoni iliyowahi kubeba asidi, mafuta ya gari au dawa ya shambani haioshwi ikawa safi. Isitiwe maji ya mtoto kamwe.

Kwa ufupi: osha tunda kabla ya kulimenya, chemsha maji kwa ajili ya vijidudu na chagua chanzo chake kwa ajili ya madini, usiweke juisi kali kwenye shaba, mabati wala sufuria ya vyuma chakavu.

## Namna ya kuupata ulimi wa mtoto

Ulimi wa mtoto hupenda utamu na huogopa uchungu, ameumbwa hivyo. Lakini kiwango cha utamu anachokihitaji hujengwa na mazoea, na mazoea hubadilishwa polepole. Familia iliyozoea vijiko vinne vya sukari kwenye jagi ishuke hadi vitatu kwa wiki moja au mbili, kisha viwili, kisha kimoja. Mtoto asiambiwe. Anayekatiwa sukari yote siku moja hugundua mara moja, na kinywaji hicho kinaweza kuchukiwa kwa muda mrefu.

Harufu humfanya mtu ahisi utamu ambao haupo. Kipande cha mdalasini kilichochemshwa pamoja na mapera, maganda ya chungwa yaliyokwaruzwa juu kidogo, au maji ya marakuja mawili hufanya kazi ya kijiko cha sukari. Chumvi kidogo sana, ile inayoshikwa kwa ncha za vidole viwili, huuficha uchungu. Matone ya limau huliamsha embe lililopooza.

Ubaridi unahitaji uangalifu, kwa kuwa ulimi uliopozwa sana huhisi utamu kidogo. Juisi iliyoganda nusu hudai sukari zaidi. Iliyopozwa kiasi kwenye mtungi wa udongo huwa tamu zaidi kwa kipimo kilekile. Tena Juni na Julai si miezi ya vinywaji baridi katika Likasi. Alfajiri ya baridi mtoto hukataa juisi ya friji, na mzazi hudhani amelikataa tunda, kumbe kinywaji cha pera au limau na tangawizi kikipashwa moto angekinywa chote.

Mtoto akikataa mara ya kwanza, asilazimishwe na kinywaji kisifutwe. Aonjeshwe kijiko kimoja tena baada ya siku chache, na tena, hata mara kumi. Watoto wengi huanza kukubali ladha mpya baada ya kuionja mara nyingi. Na mtoto aliyechagua embe mwenyewe sokoni, akaliosha na kuliponda kwa uma, ana sababu yake ya kukimaliza kikombe.

## Vinywaji sita

Vipimo vifuatavyo ni kwa watoto wanne. Bilauri ni ya mililita 200. Blenda hurahisisha kazi, lakini umeme wa shirika la Snel haungojewi: uma, kinu, kikwaruzo na chujio vinatosha.

Embe na tangawizi. Maembe mawili makubwa yaliyoiva, bilauri tatu za maji, nusu limau, kipande cha tangawizi cha ukubwa wa ncha ya kidole. Ponda nyama ya embe hadi ilainike. Kwaruza tangawizi, ikamulie ndani kwa kitambaa safi, tia limau, kisha maji polepole huku ukikoroga. Maembe yenye nyuzi nyingi yapite kwenye chujio lenye matundu makubwa. Kwa mtoto chini ya miaka mitatu tangawizi iachwe.

Papai na marakuja. Watoto wengi hulalamikia harufu ya papai, na marakuja huifunika kabisa. Nusu ya papai la wastani, marakuja manne, bilauri mbili za maji. Mbegu za marakuja zizungushwe kwenye chujio kwa mgongo wa kijiko ili maji yake yashuke, kisha yachanganywe na papai lililopondwa. Kinywaji hiki hakihitaji sukari kabisa.

Pera na mdalasini. Mapera manane yaliyoiva, bilauri nne za maji, kijiti kimoja cha mdalasini. Yakate, yachemshe dakika kumi yakiwa yamefunikwa, yaponde, kisha yachuje kwa kusugua ili mbegu tu zibaki. Moto hupunguza vitamini C, lakini pera lina akiba ya kutosha. Hunywewa kikiwa cha moto au kikiwa baridi.

Ndizi na karanga. Ndizi mbivu tatu, vijiko vikubwa viwili vya karanga zilizokaangwa na kusagwa laini, bilauri mbili za maziwa, au za maziwa ya unga yaliyokorogwa kwa maji yaliyochemshwa. Hiki ni kinywaji cha kushibisha na hufaa asubuhi kabla ya shule. Karanga zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu zitupwe zote. Ukungu huo hutoa sumu iitwayo aflatoksini, na kukaanga hakuiondoi. Mtoto anayeonja karanga kwa mara ya kwanza apewe kidogo sana na atazamwe kama atavimba au kupumua kwa shida.

Masuku. Matunda ishirini hivi, yapasuliwe na nyama yake pamoja na mbegu ilowekwe katika bilauri tatu za maji yaliyochemshwa na kupoa. Baada ya nusu saa, mikono iliyooshwa kwa sabuni iyavuruge hadi nyama iachane na mbegu, kisha yachujwe. Yachaguliwe yaliyoiva na kulainika, kwa maana masuku mabichi hukausha kinywa. Matone ya limau hukifanya kinywaji kiwe chepesi.

Maganda ya nanasi. Nanasi likiliwa, maganda yaliyosuguliwa vizuri kwa brashi kabla ya kumenywa huchemshwa katika lita moja ya maji pamoja na tangawizi kwa dakika ishirini, kisha huchujwa. Kinywaji hiki hakina nyuzinyuzi, lakini kina harufu nzuri na hakina gharama. Kikichanganywa na nusu bilauri ya embe au papai lililopondwa, huwa kinywaji kamili.

## Munkoyo, jirani wa juisi

Katika Katanga, kama ng'ambo ya mpaka Zambia, kuna kinywaji kitamu kisicho na tunda wala sukari ya dukani. Ni munkoyo. Uji wa mahindi huachwa upoe hadi uwe vuguvugu, kisha hutiwa mizizi ya mmea wa munkoyo iliyopondwa. Ndani ya mizizi hiyo mna vimeng'enya, yaani vitu vya asili vinavyovunja wanga, na wanga wa mahindi hugeuka sukari. Kwa saa chache uji mzito huwa mwepesi na mtamu.

Munkoyo ya siku ya kwanza huwafaa watoto wakubwa, hasa ikichanganywa na embe au ndizi iliyopondwa. Tahadhari iko kwenye siku zinazofuata. Uchachu huendelea, chachu huigeuza sukari kuwa pombe, na munkoyo iliyokaa siku mbili au tatu si ya mtoto. Anayeinunua sokoni amuulize muuzaji ilitengenezwa lini na kwa maji gani. Mizizi hutiwa baada ya uji kushuka motoni, kwa hiyo uchafu wake haupitii moto tena.

## Kiasi kwa umri

Mtoto wa chini ya miezi sita hupewa maziwa ya mama peke yake, bila juisi na hata bila maji. Kati ya miezi sita na mwaka mmoja hula tunda lililopondwa kwa kijiko. Asali haitolewi kabla ya mwaka mmoja kutimia, hata ile safi ya msituni, kwa kuwa inaweza kubeba vijidudu vya ugonjwa wa botulizimu unaolegeza misuli ya mtoto mchanga hadi akashindwa kupumua.

Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilitoa mwaka 2017 viwango ambavyo vinaweza kufuatwa popote: miaka 1 hadi 3, isizidi mililita 120 kwa siku; miaka 4 hadi 6, mililita 120 hadi 180; kuanzia miaka 7, mililita 240. Hizo ni juisi tupu za matunda. Kiu ya mchana kutwa huzimwa kwa maji.

Kwa ajili ya meno, kinywaji hunywewa kwa mkupuo mmoja pamoja na chakula. Kunyonya chupa kidogo kidogo tangu asubuhi hadi jioni huyaogesha meno katika sukari na ukali, na chupa ya juisi kitandani ni mbaya kuliko zote. Baada ya kinywaji kikali mtoto asukutue kwa maji, na mswaki usubiri nusu saa.

## Kuhifadhi, na chupa ya shule

Juisi isiyopikwa hunywewa ndani ya saa mbili ikiwa nje ya friji. Ndani ya friji inayofanya kazi hukaa siku moja, ikizidi mbili. Friji iliyozimika usiku kucha kwa kukatika kwa umeme ihesabiwe kama kabati. Mapovu madogo, harufu ya pombe au kifuniko kinachotoa hewa kwa nguvu huonyesha kwamba uchachu umeanza, na kinywaji hicho kimwagwe.

Chupa ya shule ina shida yake, kwa kuwa hukaa begani saa kadhaa kabla ya mapumziko. Kinywaji kilichochemshwa, kama cha pera au cha maganda ya nanasi, huvumilia zaidi kikitiwa kingali cha moto katika chupa ya chuma cha pua iliyosuuzwa kwa maji yanayotokota. Chaguo salama kuliko yote ni maji yaliyochemshwa kwenye chupa, na tunda zima, ndizi au chungwa, kwenye mkoba. Kifuniko na mrija visuguliwe kila jioni, maana utando unaoteleza ndani yake ni makazi ya vijidudu.

## Mtoto anayehara

Mtoto akiharisha, juisi husimamishwa. Sukari nyingi huvuta maji kwenye utumbo na kuharisha huzidi. Anachohitaji ni maji yenye chumvi na sukari kwa kipimo maalumu, yapatikanayo kwa pakiti kwenye vituo vya afya na maduka ya dawa. Pakiti zikikosekana, lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa hutiwa vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu. Kinywaji hicho huonjwa kwanza: kikiwa na chumvi kuliko machozi, kimwagwe na kutengenezwa upya. Mtoto hupewa kidogo kidogo kwa kijiko kila baada ya dakika chache, na anayenyonya aendelee kunyonya.

Kinyesi kikiwa cha majimaji kama maji ya mchele, macho yakiingia ndani, au mtoto akishindwa kunywa, apelekwe kituo cha afya saa hiyohiyo, huku akiendelea kunyweshwa njiani.